Wiki ya jazi London: ukumbi mkubwa, klabu ya Soho, Camden au Dalston?

Kila ikifika mwezi wa kumi simu yangu haipumziki. Kuna mtu anakuja London kikazi, au anakuja kumuona dada yake, kasikia mwezi wa kumi na moja kuna jazi mji mzima, kafungua ratiba kaona shoo mamia kwa mamia, kichwa kimemuuma, ananiandikia "wewe uko huko, niambie niende wapi, nina hela ya tiketi mbili tu". Na mimi kila mwaka naandika maelezo yaleyale kwa kidole gumba nikiwa kwenye basi, kwahiyo mwaka huu nimeamua niyaweke yote sehemu moja, nikiulizwa tena natuma hii basi.

Tamasha lenyewe ni London Jazz Festival. Lilianza 1992, linaandaliwa na kampuni inaitwa Serious, na tangu 2013 utaliona mbele lina herufi EFG, hao ni benki wanaodhamini. Watu wanasema wiki ya jazi ila kiukweli ni siku 10, linaanza Ijumaa ya katikati ya Novemba linaisha Jumapili ya wiki inayofuata. Na halina uwanja mmoja, hapo ndo wengi wanapochanganya, wanadhani itakuwa kama Sauti za Busara ilivyokuwa pale Ngome Kongwe, unaingia getini jioni unakaa mpaka usiku mnene, wakati huku kila shoo ina tiketi yake na ukumbi wake, na mji ni mkubwa, ukipanga vibaya jioni yote inaishia kwenye treni.

Alafu kuna hili neno lenyewe. Kwa sisi tuliolelewa na redio, jazi ni Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Nuta Jazz, na upande wa Kongo OK Jazz ya Franco. Yaani magitaa yanajibizana, tarumbeta zinaingia, watu wamejaa wanacheza mpaka alfajiri. Ba mdogo wangu, ambaye ujana wake ulikwisha kwenye madansi ya Mbaraka Mwinshehe, alikuja kunitembelea miaka michache nyuma. Nikamwambia ba mdogo leo twende jazi. Mzee akavaa shati la kitenge, akatoa begini viatu vya soli laini ambavyo kumbe alivibeba makusudi. Tukaingia klabu moja siitaji, tumekaa, taa zimefifia, saksafoni inalia peke yake dakika kama kumi hivi, watu kimya utadhani matangani. Akanisogelea sikioni, na ba mdogo kunong'ona hajui, "Mwanangu, dansi lenyewe linaanza saa ngapi?" Meza nzima ya mbele yetu ikageuka, na mhudumu akaja kutuomba tushushe sauti.

Tangu siku ile mgeni simuulizi tena anampenda msanii gani. Namuuliza unataka ukae au ucheze, na usiku utarudije ulikofikia. Ukishajibu hayo mawili nusu ya ratiba inajifuta yenyewe.

Naangalia nini

Hela, na nasema hela yote, sio ya tiketi peke yake. Kuna sehemu tiketi ni nafuu ila ukishakaa mezani utaagiza tu, na kwenye bili kuna asilimia ya huduma imeshaongezwa.

Kukaa au kusimama. Kusimama masaa mawili na nusu na koti zito la Novemba mkononi sio mchezo kwa mtu mwenye magoti ya miaka 60.

Ukaribu, yaani unamuona mpigaji vidole au unaona kichwa kidogo kwa mbali.

Muziki wenyewe, maana ratiba inachanganya jazi na kile wanachoita "muziki wa dunia". Hilo jina lina historia ya kuchekesha, lilipitishwa hapahapa London, Juni 1987, kwenye baa moja Islington ikiitwa Empress of Russia, watu wa lebo ndogondogo za rekodi walikutana wakatafuta neno moja ili wenye maduka wajue rekodi za Waafrika, Wabulgaria, Wapakistani na kadhalika waziweke rafu gani. Ndo hivyo, rafu moja, dunia nzima. Ukilicheka licheke, ila ni mlango huohuo marehemu Remmy Ongala na marehemu Hukwe Zawose walipitia mpaka wakarekodi na Real World, lebo ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, kwahiyo mimi silitukani sana.

La mwisho, kurudi. Ijumaa na Jumamosi baadhi ya treni za chini zinakesha (njia za Central, Victoria, Jubilee, Northern na Piccadilly), siku nyingine zinafunga mida ya saa sita usiku na kidogo. Mabasi ya usiku yapo na nauli haifiki pauni mbili, ila hayapokei hela taslimu, unagonga kadi ya benki au simu. Mgeni asiye na kadi inayokubali kugongwa ashughulikie hilo mchana.

1. Kumbi kubwa: Southbank na Barbican

Southbank iko kandokando ya mto Thames, karibu na stesheni ya Waterloo, na ndani yake kuna Royal Festival Hall ya mwaka 1951 yenye viti zaidi ya 2,500, na Queen Elizabeth Hall ya 1967 yenye viti kama 900. Barbican ni ya 1982, ukumbi wake una viti karibu 2,000, umezungukwa na majengo ya zege yenye ngazi na madaraja mpaka mtu anapotea, na usione haya kupotea, hata wakazi wa London wanapotea pale, fika nusu saa kabla.

Hela: hapa kuna daraja nyingi za tiketi kuliko sehemu nyingine zote, na zile za viti vya juu kabisa huwa bei ya kawaida tu ukiwahi. Hakuna anayekulazimisha kununua kinywaji, unaingia na chupa yako ya maji unakaa. Na kitu wageni wengi hawakijui, kwenye kumbi za wazi za chini, pale watu wanapopita kwenda kwenye ukumbi mkubwa, wakati wa tamasha kunakuwa na shoo za bure kabisa, hasa wikiendi mchana, vijana wa vyuo, bendi changa, kwaya. Nimeshaenda mara kibao bila senti mfukoni na nimetoka nimeridhika.

Kukaa au kucheza: unakaa. Watu wananyanyuka wimbo wa mwisho, na hapo mpaka aanze mmoja.

Ukaribu: ndo udhaifu wake. Ukiwa juu Royal Festival Hall mpiga piano ni mdogo kama njiti ya kiberiti. Ila sauti imetulia, ala isiyotumia umeme kama kora (kinubi cha Afrika Magharibi) au besi kubwa ya kusimama unaisikia mpaka mkwaruzo wa kucha. Queen Elizabeth Hall iko katikati, sio mbali sana wala sio finyu, na mimi nikiona jina nalolijua limepangiwa hapo sifikirii mara mbili.

Muziki: majina makubwa yako huku. Tamasha kwa kawaida linafunguliwa Royal Festival Hall na shoo inaitwa Jazz Voice, waimbaji tofautitofauti mbele ya okestra kamili, Guy Barker ndo amekuwa akiipangia muziki kwa miaka mingi. Wazee wa Afrika nao wakija wanapangiwa kumbi za ukubwa huu. Mpiga piano Abdullah Ibrahim wa Cape Town, Julai 2023, umri wake unakaribia 89, alipiga Barbican na ile rekodi ikatoka albamu mwaka uliofuata. Na pale Southbank ndo kuna kambi ya Tomorrow's Warriors, mradi ulioanzishwa 1991 na Gary Crosby na Janine Irons kufundisha vijana jazi, hasa vijana weusi na wasichana, na ukifuatilia nusu ya majina yanayovuma London saivi, mpuliza saksafoni Nubya Garcia, bendi ya Ezra Collective, utakuta wamepita mikononi mwao.

Kurudi: rahisi kuliko kote. Shoo zinaanza saa moja na nusu au saa mbili usiku, saa nne na nusu uko nje, treni bado tele.

Inamfaa nani: aliyekuja na mama yake, aliye na watoto wakubwa kiasi, asiyependa kukaa sehemu yenye pombe, na yule ambaye anataka aseme nimemuona fulani kwa macho yangu kabla hajastaafu. Haimfai anayetaka kutoka jasho.

2. Klabu za Soho: Ronnie Scott's na chumba cha chini cha PizzaExpress

Hapa ndo pana ile picha watu wanayo kichwani. Chumba cheusi, picha ukutani, meza ndogo zenye taa nyekundu, mtu kavaa koti zuri. Ronnie Scott's ilifunguliwa 1959 mtaa wa Gerrard, na mpiga saksafoni Ronnie Scott mwenyewe na mwenzake Pete King, 1965 ikahamia Frith Street ilipo mpaka leo. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alipiga mbele ya watu kwa mara ya mwisho humo, Septemba 1970, siku mbili baadaye akafariki.

Ila kwa sisi Waafrika kuna hadithi nyingine naipenda zaidi. Klabu ilipohama, kile chumba cha zamani cha Gerrard mkataba wake wa pango ulikuwa haujaisha, basi wakawaachia vijana wapige, wakakiita Old Place. Kati ya waliokishika ni Blue Notes, vijana wa Afrika Kusini, weusi watano na mzungu mmoja, ambao kwao kupiga jukwaa moja ilikuwa kosa, wakatoka 1964 wakaenda tamasha Ufaransa na karibu wote wakabaki Ulaya. Kati yao Chris McGregor, Dudu Pukwana, Mongezi Feza, Johnny Dyani, Louis Moholo. Waingereza wenyewe wanakiri hawa watu waliibadilisha jazi ya hapa, na mpaka leo ukisikia ngoma za London zina mguu wa kusini mwa Afrika ndani yake, sio bahati mbaya. Moholo ndo alikuwa wa mwisho kuondoka, amefariki 2025.

Hela: ghali. Tiketi ya shoo kuu Ronnie Scott's ndo itakula bajeti, alafu mezani utaagiza, alafu huduma. Njia ya mjanja ni shoo za usiku mnene baada ya shoo kuu, tiketi yake ni nafuu zaidi, na wanamuziki waliomaliza kupiga kwingine huwa wanapitia. PizzaExpress ya Dean Street, ndio, ileile ya piza, chini yake kuna klabu ya jazi ya heshima na bili unaielewa, piza ni piza.

Kukaa au kucheza: unakaa, na unanyamaza. Sio ukali, ndo utaratibu, bendi ikipiga soga zinasubiri. Ukienda na kundi la watu sita wanaotaka kupiga stori mtaharibu jioni yenu na ya wenzenu.

Ukaribu: hapa hamna mpinzani. Unaona mate ya tarumbeta yakimwagwa sakafuni. Unamsikia mpiga besi akihema na kuguna kila anaposhuka noti ya chini. Ila soma tiketi yako vizuri, na hili ni kwa klabu yoyote ya chumba cha chini mji huu, kukiwa na maandishi kwamba mtazamo umezibwa kidogo, hiyo "kidogo" ni nguzo. Nimeshakaa nyuma ya nguzo ya klabu moja saa mbili nzima, nilichokiona ni kiwiko cha mpiga piano, kiwiko kizuri, lakini kiwiko.

Muziki: jazi yenyewe ya Kimarekani na Kiingereza zaidi, piano, besi, ngoma, muimbaji. Muziki wa Afrika na Kuba unapita pia ila sio kila siku.

Kurudi: uko katikati ya mji, Leicester Square na Tottenham Court Road ni hatua chache, Ijumaa na Jumamosi treni zinakesha.

Inamfaa nani: wawili wanaosherehekea kitu, na mtu ambaye anapiga ala mwenyewe anataka kuangalia mikono. Pia mtu wa peke yake, hamna anayekushangaa.

3. Jazz Cafe, Camden

Jina linadanganya kwa pande zote mbili, sio kahawa na mara nyingi sio jazi. Ilianzia Newington Green mwishoni mwa miaka ya 80, 1990 ikahamia Parkway, Camden, kwenye jengo lililokuwa benki. Chini watu wanasimama, juu kuna roshani yenye meza za chakula inayoangalia stejini.

Hela: tiketi ya kusimama ni ya kati kwa kati. Ukitaka roshani unalipia na chakula, na hapo inapanda karibu na Soho. Kwa aliye na mtu mzima ambaye hawezi kusimama na kijana anayetaka kucheza hii ni suluhu ya ajabu, mmoja juu mmoja chini.

Kukaa au kucheza: kucheza. Hapa ndo nilimleta ba mdogo safari ya pili, kuna bendi ya afrobeat, magitaa yanajibizana kama anavyojua yeye, vile viatu vya soli laini vikapata kazi. Binti mmoja akamuuliza hiyo staili inaitwaje, mzee akamjibu kwa Kiswahili kabisa, "Inaitwa taratibu", na wakaelewana.

Ukaribu: ukiwahi mbele uko mita mbili. Ukichelewa unaangalia migongo, na Waingereza wengine ni warefu.

Muziki: soul, funk, afrobeat, rege, Brazili, na ile jazi mpya ya vijana wa hapa ambayo huwezi kuitenganisha na muziki wa kucheza. Kama umemsikia Ezra Collective, waliochukua Mercury Prize 2023, tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza, bendi ya kwanza ya jazi kuipata, au Kokoroko, basi ni dunia hiyo. Hizo bendi zenyewe zimekua saivi zinajaza kumbi kubwa zaidi, lakini wadogo zao unawakuta huku.

Kurudi: Camden Town ni dakika chache kwa mguu, njia ya Northern, wikiendi inakesha. Na shoo za wikiendi mara nyingi zinaisha mapema maana baadaye kunageuka disko, kwahiyo usije saa nne ukadhani umewahi, bendi itakuwa inafunga nyaya.

Inamfaa nani: vijana, makundi, watu waliokuja kufurahi sio kusoma. Mwenye mtoto aangalie umri kwenye tiketi kwanza.

4. Dalston: Cafe OTO na Vortex

Mbili hizi ziko mwendo wa dakika tano kutoka moja kwenda nyingine, mashariki ya mji. Vortex ilikuwa Stoke Newington, ikahamia Gillett Square 2005, inaendeshwa kwa kiasi kikubwa na watu wanaojitolea. OTO ilifunguliwa 2008, jina ni Kijapani maana yake sauti, mchana ni mgahawa, usiku viti vinapangwa upya na muziki unaanza.

Hela: ndo sehemu nafuu kuliko zote nilizotaja ukiondoa za bure. Bia bei ya mtaani. Ukinunua tiketi mapema OTO ni rahisi kuliko mlangoni, na kama unaishi hapa uanachama una faida. Alafu kula nje: Kingsland Road imejaa Waturuki wanaochoma nyama, nyingi halali, moshi unausikia kabla hujashuka basi. Ukija mchana kuna soko la Ridley Road, unapata mihogo, bamia, magimbi, samaki, mtu akikubandika macho ujue anataka kukusalimia kwa Kiswahili au Lingala.

Kukaa au kucheza: unakaa, ila viti vya kawaida na havina namba, anayewahi anapata. Ukichelewa unasimama nyuma karibu na kaunta.

Ukaribu: stejini na wewe hamna mpaka. OTO hakuna jukwaa la kuinuka la maana, msanii akimaliza anapita katikati yenu kwenda kunywa maji, ukitaka kumuuliza kitu unamuuliza.

Muziki: hapa lazima niseme ukweli, sio kwa kila mtu. OTO ni muziki wa majaribio, wa huru, unaweza kukuta mtu anapuliza saksafoni bila melodi dakika 40, na mwingine anakwaruza sahani ya ngoma kwa uta wa fidla. Sun Ra Arkestra, bendi kubwa ya Kimarekani, wamekuwa wakija kupiga siku kadhaa mfululizo, marehemu Peter Brötzmann mpuliza saksafoni wa Ujerumani alipiga shoo zake za mwisho kabisa humo Februari 2023. Vortex ina upole zaidi, jazi ya sasa ya Uingereza na Ulaya, ingawa Evan Parker, mpuliza saksafoni Mwingereza wa huo muziki wa huru, naye amekuwa akipiga hapo miaka na miaka, na Evan Parker akianza usitegemee kuimba naye. Nimeshampeleka shoga yangu OTO bila kumuandaa, akavumilia nusu ya kwanza, mapumziko akaniuliza kama mafundi wamemaliza kurekebisha mitambo. Mwenzake tuliyekwenda naye siku hiyohiyo alilia machozi kabisa, akasema hajawahi kusikia mtu anasema ukweli namna ile kwa bati.

Kurudi: hapa angalia. Ijumaa na Jumamosi treni ya Overground, njia ya Windrush, inakesha kati ya Highbury & Islington na New Cross Gate na inapita Dalston Junction, hamna shida. Jumanne usiku, mimi nikiwa nimenogewa na kona ya mwisho ya mpiga besi, treni ilinipita, nikapanda mabasi mawili na kufika kitandani saa nane na robo. Kosa langu.

Inamfaa nani: aliyechoka na anavyovijua tayari, mwanamuziki, mwanafunzi, na mtu anayetaka kuona London inayokaliwa na watu badala ya ile ya picha.

Na Union Chapel, kwa kifupi

Ni kanisa la Islington, karibu na stesheni ya Highbury & Islington, bado linasalisha, usiku linakuwa ukumbi. Unakaa kwenye mabenchi ya kanisa, baridi kidogo usivue koti, ndani pombe haiingii, chai inaingia. Sauti ya mtu mmoja na gitaa moja inapaa juu inarudi imepakwa asali. Kwa ngoma nyingi na tarumbeta nyingi paa linachanganya mambo. Kwa muimbaji peke yake, kora, udi, qawwali (nyimbo za Kisufi za Pakistani na India), nenda hata kama humjui anayepiga.

Sasa wewe ni yupi

Una usiku mmoja tu na hujawahi kusikia jazi ya kukaa kitako: ningekupeleka Queen Elizabeth Hall au Camden, inategemea miguu yako inasemaje, na ningekuzuia OTO mpaka safari ijayo.

Una usiku mmoja na umesikia jazi maisha yako yote: Soho kama mfuko unaruhusu, Dalston kama hauruhusu, na ukienda Dalston hujapata kidogo, umepata kingine.

Umekuja na wazazi: Southbank mchana shoo ya bure, mtembee kidogo kando ya mto kabla giza halijaingia, maana Novemba saa kumi na robo jioni jua limeshazama na mama atauliza mbona usiku umeingia mchana. Jioni warudishe nyumbani au mketi Union Chapel.

Unaswali, hutaki kukaa baa: kumbi kubwa na Union Chapel. Magharibi inaingia mapema mno msimu huo kwahiyo hata Isha unaiwahi kabla shoo haijaanza.

Huna hela kabisa: za bure Southbank na Barbican, alafu tiketi moja ya Vortex katikati ya wiki. Ni wiki nzuri tu hiyo.

Mna kundi, mmechangamka, mnataka picha: Camden. Usiwapeleke Soho, nakuomba.

Una tiketi mbili kama yule wa kila mwaka: chukua moja ya kukaa na moja ya kusimama, usiku tofauti, na zisifuatane. Ukipanga mbili za mfululizo, ya pili utailala, hasa kama umetoka Dar juzi na mwili bado una saa tatu mbele.

Na kuhusu saa. Tiketi ikiandikwa 7.30 hiyo ni saa za Kizungu, saa moja na nusu usiku. Mimi nilidhani hili halihitaji kusemwa, mpaka siku nilipotoka kazini nikamkuta ba mdogo amekaa sebuleni tangu saa saba mchana, koti limefungwa vifungo vyote, viatu miguuni, tiketi mkononi, ananiambia "Mwanangu, umechelewa, watakuwa wameshamaliza".